Jedwali la maambukizi lisilo na idadi ya vipimo linapotosha

Mhariri,

Kila UVIKO-19 inapojadiliwa, jedwali lile lile hurudi: upande mmoja wastani wa pato la kila mwananchi, upande wa pili maambukizi yaliyoripotiwa kwa kila watu milioni moja. Ulaya na Marekani huwa juu, nchi nyingi za Afrika huwa chini kabisa. Kisha msomaji huambiwa kwamba utajiri ndio uliovuta ugonjwa, au kwamba sisi tulikingwa na jua na vyakula vyetu. Uhusiano huo upo kweli kwenye takwimu. Lakini sehemu kubwa ya kinachoonekana pale ni uwezo wa kupima, na tusipolisema hilo tutajiandaa vibaya kwa janga lijalo.

Wanaotilia mkazo jua waitazame Shelisheli. Jua lao ni letu, bahari yao ni hii hii. Benki ya Dunia inaiweka kwenye kundi la nchi zenye pato la juu, na kwa watu wapatao 100,000 tu iliandikisha maambukizi zaidi ya 50,000.

Ili mtu aingie kwenye hesabu kama mgonjwa aliyethibitishwa, mambo mengi yanapaswa kwenda sawa kwa mfululizo. Awe na nauli ya kufika kituoni. Kituo kiwe na vijiti vya kuchukulia sampuli. Sampuli ihifadhiwe kwenye nyuzi 2 hadi 8 na ifike maabara ndani ya saa 72, la sivyo igandishwe kwenye baridi kali ambayo vituo vingi havina. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, viwepo, umeme uwepo, na majibu yaingizwe kwenye mfumo wa taifa. Mwaka 2020 palipokwama zaidi ni kwenye vitendanishi, kwa sababu nchi tajiri zilitangulia kununua. Hospitali nyingi za Afrika tayari zilikuwa na mashine za GeneXpert za kupimia kifua kikuu, lakini katriji za korona, yaani vikasha vya kupimia vinavyoingizwa kwenye mashine hizo, zilizouzwa kwa karibu dola 20 kila moja kwa nchi maskini, zilikuja kwa mgawo. Mpango wa kipimo cha haraka kisichozidi dola 5 ulitangazwa mwishoni mwa Septemba 2020, zaidi ya miezi sita baada ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kusema kwamba hili ni janga la dunia.

Tuchukue miji miwili ya kufikirika, kila mmoja una watu milioni moja na walioambukizwa 20,000. Mji wa kwanza unapima watu 5,000 kwa siku na kukuta 500 wana virusi. Wa pili unapima 100 tu, walio hoi wodini, na kukuta 40. Gazeti litaandika 500 dhidi ya 40, na mji wa pili utapongezwa. Lakini asilimia ya waliokutwa na virusi ni 10 kwa wa kwanza na 40 kwa wa pili. Hiyo 40 ndiyo kengele ya hatari: inaonyesha kwamba wagonjwa wengi hawajafikiwa. Mei 2020 WHO ilipendekeza kiwango hicho kiwe chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili kabla ya kulegeza masharti.

Nayo asilimia hiyo ina mtego wake. Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya vipimo ilikuwa ya abiria wa ndege na madereva wa malori mipakani, watu wazima wenye nguvu wanaohitaji cheti cha safari. Ukiwachanganya na wagonjwa wa hospitali, asilimia inashuka bila ugonjwa kupungua. Takwimu za safari zitenganishwe na za wodini.

Ushahidi wa pengo tunao hapa hapa jirani. Nchini Kenya, watafiti walipima kingamwili, yaani alama ambazo mwili huacha baada ya kupambana na virusi, kwenye damu ya wachangiaji 3,098 kati ya Aprili na Juni 2020. Baada ya marekebisho, makadirio ya taifa yalikuwa asilimia 4.3; Mombasa 8.0 na Nairobi 7.3. Kwa idadi ya watu ya sensa ya 2019, hiyo ni takriban watu milioni 2. Walioandikishwa rasmi hadi 31 Julai walikuwa 20,636. Kwa Tanzania hata ulinganisho wa namna hiyo hauwezekani, kwani takwimu zilisimama kwenye wagonjwa 509 mwanzoni mwa Mei 2020 na hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nchi yenye pengo hilo haifai kupangwa kwenye jedwali lolote la kipindi hicho.

Hatusemi kwamba tofauti yote ni ya vipimo. Virusi vilitangulia kwenye miji yenye ndege nyingi. Umri nao una uzito: nusu ya Watanzania wana miaka 18 au pungufu, ilhali kwa Waitaliano mstari huo uko kwenye miaka arobaini na kitu, na kijana aliyeambukizwa mara nyingi haugui kiasi cha kutafuta kipimo. Ila ukiingia ndani ya mji mmoja, ule uhusiano na utajiri unageuka. Mumbai, Julai 2020, kingamwili zilikutwa kwa takriban asilimia 57 ya waliopimwa kwenye mitaa ya mabanda, na asilimia 16 nje ya mitaa hiyo. Choo cha pamoja na chumba kimoja cha watu wengi havimpi mtu nafasi ya kujitenga.

Kwa hiyo, Mhariri, jedwali lolote la maambukizi liambatane na vipimo kwa kila watu 1,000 na asilimia ya waliokutwa na virusi, na nchi isiyotoa takwimu iachwe wazi, isiandikiwe sifuri. Bora zaidi ni vifo vya ziada, yaani vifo vyote vya mwaka ukitoa vile vya kawaida. WHO ilikadiria milioni 14.9 kwa 2020 na 2021, wakati vilivyoripotiwa kuwa vya korona ni milioni 5.4. Peru ilipopitia upya vigezo na kumbukumbu zake, tarehe 31 Mei 2021 ilipandisha vifo kutoka 69,342 hadi 180,764.

Shida ni kwamba vifo vya ziada vinahitaji usajili wa vifo, nasi vijijini tunazika wengi bila kusajili. Wakati hilo likijengwa, ipo njia iliyofanyiwa kazi Lusaka kati ya Juni na Septemba 2020: kuchukua sampuli ya puani kwa marehemu mochwari ndani ya saa 48 baada ya kifo. Kati ya marehemu 364, virusi vilikutwa kwa 58 hadi 70, kutegemea ukali wa kigezo. Wengi wao walifia nje ya hospitali, na katika hao hakuna aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Hospitali zetu za rufaa za mikoa zianze sasa, wakati hakuna mlipuko: sampuli ya kila marehemu wa tano, kwa ridhaa ya familia, kwa mashine zilezile za kifua kikuu, na matokeo yatangazwe kila mwezi.

Wasomaji wenu,
Morogoro