Barua ya wazi kwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii: Anayemtunza mzee naye atazamwe

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Arua, Uganda. Sisi ni wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii tunaozitembelea nyumba zenye wazee wenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na fahamu polepole. Tunakuandikia kuhusu mtu asiyeonekana kwenye fomu yoyote: binti, mkaza mwana au mjukuu anayemtunza mzee huyo.

Pesa za SAGE, ruzuku ya serikali kwa wazee, ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na mzee huzipata akishatimiza miaka 80. Kwa siku hazifiki 850. Humo itoke sabuni ya mashuka, chakula laini na nauli ya kliniki. Tena ugonjwa huu hausubiri miaka 80.

Usiku ndio mzito. Jua likizama mzee huanza kuhangaika, anafunga nguo zake kwenye kanga, anadai kurudi kwao ilhali yuko kwake. Mlezi akipitiwa na usingizi, mzee yuko barabarani. Baada ya wiki kadhaa za kukesha, mlezi hukimbilia duka la dawa kununua valiamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Mzee atalala, lakini alfajiri ataamka amelewa dawa, ataanguka akienda chooni, nyonga ivunjike. Akishalala kitandani, asipogeuzwa kila baada ya saa mbili hutoka vidonda kiunoni na visiginoni. Hapo kazi inataka watu wawili, na wa pili mara nyingi ni msichana anayetolewa shule.

Mengi ya haya huzuilika. Taa iwashwe kabla giza halijaingia. Mchana asisinzie zaidi ya nusu saa. Chai na kahawa zikome adhuhuri. Maji anywe mchana, kidogo kidogo, na apelekwe chooni kila baada ya saa mbili au tatu bila kungoja aombe. Akidai kwenda kwao asibishiwe: aulizwe habari za huko huku akirudishwa ndani taratibu. Akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, familia isiseme karogwa. Mara nyingi ni malaria, maambukizi ya mkojo, kufunga choo au kupungukiwa maji. Apimwe damu na mkojo siku hiyohiyo.

Tunaomba, ukishirikiana na mwenzako wa Afya, wahudumu wa VHT, yaani timu za afya za vijiji, wafundishwe haya, na kila wafikapo waulize: nani hukesha na mzee, na nani humpokea zamu? Sharti la miaka 80 lilegezwe kwa mzee aliyethibitishwa na daktari kuwa ana demensia. Mlezi apewe posho yake mwenyewe, isimegwe kwenye ya mzee.

Ila kinachotuuma zaidi, hata kuliko pesa, ni mapumziko. Siku moja kwa wiki inatosha kuanzia: chumba kimoja katika kila parishi (eneo la vijiji kadhaa), mhudumu aliyefunzwa, uji, choo cha karibu na lango linalofungwa. Mlezi aende sokoni, au alale tu.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Tunaomba fungu hili liingizwe kabla bajeti haijasomwa, hata kama litaanza na wilaya chache.

Kwa heshima,
Wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, Arua