Msinipe bunduki, fungueni mlango wa nyuma

Kwako Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu akitaka mabawabu wote wa shule, hospitali na maduka makubwa wapewe bunduki. Hoja yake ilikuwa Marekani. Kila akifungua habari, alisema, anakuta watoto wamemiminiwa risasi darasani, kwa hivyo nasi tujihami kabla hayajatufika. Mimi ndiye bawabu anayezungumziwa. Nina miaka 14 langoni, mingi yake zamu ya usiku, hapa mjini Nakuru. Naomba nafasi nijibu, maana kila mtu anatugawia silaha na hakuna aliyetuuliza kama tunazitaka.

Vifaa vyangu ni rungu, firimbi, daftari la wageni na ile mashine ya mkononi inayolia hata kwa funguo. Tochi niliyo nayo huwaka nikiipiga kofi, na betri najinunulia. Mwaka wa 2024 ilitangazwa kwamba mlinzi asilipwe chini ya Sh30,000 kwa mwezi. Hizo pesa tunazisikia redioni tu. Sasa mwajiri anayenikata mshahara kwa ajili ya koti la mvua ndiye atakayeninunulia bastola, anipeleke mafunzo ya shabaha na kunipima akili kila mwaka? Tuseme basi amepata pesa. Bado nitakataa, na sababu yenyewe niliiona nikiwa kijana.

Nilizaliwa Cheptais, Mlima Elgon. Ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji la SLDF, na waliokuwapo kati ya 2006 na 2008 hawahitaji kusimuliwa. Mamia waliuawa, wengine wakakatwa masikio, maelfu wakahama na magodoro vichwani. Jioni moja mwaka wa 2007 binamu yangu, kijana wa miaka 19, alifika kwetu na gunia la mahindi begani. Lilikuwa limelalia upande mmoja. Alipolitua lilitoa mlio wa chuma. Mama aliusikia, akaendelea kusonga ugali.

Gunia lilikaa ghalani siku tatu. Baba yangu alikuwa mtu wa kukaripia. Kigoda chake kilikaa karibu na meko na hakuna mtoto aliyethubutu kukikalia. Hata mgeni alitafutiwa kiti kingine. Usiku wa pili binamu alikikalia. Baba akaingia, akamwona, akasimama mlangoni kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Kisha akavuta gogo la kuni, akaketi juu yake. Mama akampakulia kijana kwanza.

Hakuna aliyetishwa. Bunduki haikutoka ghalani na hakuna risasi iliyolia. Hata huyo kijana sidhani alijua alichokifanya; alikuwa amechoka, akaona kigoda, akaketi. Siku ya tatu alijitwika gunia lake akaenda, na tangu operesheni ya jeshi ya Machi 2008 hatujamwona tena. Baba alikirudia kigoda chake, ila kukaripia hakukuwa kama zamani.

Ndiyo maana ninaposikia watu wakibishana kama bunduki iko mikononi mwa mtu mwema au mtu mbaya, mimi huuliza swali jingine: ikishafika hapo, nani atamwambia mwenye nayo hapana?

Hata langoni ni hivyo hivyo. Mwezi uliopita nilimwinulia mteja mashine, naye akafungua koti nikaona mguu wa kuku, yaani bastola, kiunoni. “Mzee, nina kibali,” akasema huku anapita. Kazi yangu ilikuwa kumwomba kibali chenyewe nikione. Sikumwomba. Nilichoandika kwenye daftari ni “mteja mmoja, koti la kijivu”, na aibu hiyo ninayo hadi leo.

Sasa turudi Marekani aliyotutajia msomaji mwenzangu. Huko raia wana bunduki nyingi kuliko idadi yao, na haki ya kuzimiliki imeandikwa katika katiba tangu 1791. Desemba 2012 kijana mmoja aliingia shule ya msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, akaua watoto 20 na watu wazima sita. Bendera zikashushwa nusu mlingoti, mishumaa ikawashwa, maombi yakasomwa, na maduka ya bunduki yakauza kuliko kawaida. Miezi minne baadaye Seneti ikapigia kura mswada wa kuwachunguza zaidi wanunuzi. Maseneta 54 kati ya 100 walisema ndiyo. Zilihitajika 60, mswada ukaanguka. Niliposoma hayo nilimkumbuka baba na gogo lake.

Msomaji wetu anadhani dawa ni kuweka bunduki nyingine langoni. Shule ya Parkland, Florida, ilikuwa nayo. Februari 2018 watu 17 waliuawa ndani huku afisa mwenye silaha aliyepewa kazi ya kuilinda akibaki nje. Uvalde, Texas, Mei 2022, muuaji alikuwa kijana wa miaka 18 aliyenunua bunduki yake dukani kwa njia halali. Walifika maafisa 376, wengine na fulana za kuzuia risasi, na wakakaa zaidi ya saa moja kabla ya kuingia darasani alimokuwa. Wanafunzi 19 na walimu wawili walikufa. Sitaki kuwacheka hao maafisa. Naijua hofu ya langoni. Ninachosema ni kwamba kama watu 376 wenye bunduki walisita mbele ya mlango mmoja, mimi wa zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, tumbo likiwa na chai na mandazi mawili, mnategemea nifanye nini?

Australia walifanya vingine. Aprili 1996 mtu mmoja aliua watu 35 Port Arthur. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa John Howard, mhafidhina, na wengi wa wenye bunduki walikuwa wapiga kura wa upande wake. Serikali yake ilipiga marufuku bunduki zinazojipakia risasi zenyewe, ikanunua zaidi ya silaha 600,000 kutoka kwa raia, ikaziharibu. Kuna siku alienda kuwahutubia wenye silaha waliokasirika akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi chini ya koti. Aliogopa, kwa hivyo. Lakini alikwenda akawaambia hapana.

Najua nitaulizwa kuhusu Westgate, lile jumba la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi, na ni haki niulizwe. Septemba 2013 watu 67 waliuawa pale, na raia wenye bastola za kibali waliingia pamoja na polisi waliovaa kiraia wakawatoa watu wengi wakiwa hai. Hilo siwezi kulipinga na wala sitaki. Ila siku hiyo hiyo jumba lilipojaa wenye bunduki wa kila aina, wanajeshi na polisi wakafyatuliana risasi kimakosa na kamanda mmoja wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, akafa. Hao ni watu waliofunzwa. Mnichomeke mimi katikati yao na sare yangu iliyochujuka na bastola mkononi, nani angejua niko upande gani?

Na Chuo Kikuu cha Garissa je, Aprili 2015, watu 148? Pale bastola ya bawabu isingefua dafu. Magaidi walikuja na silaha za vita.

Kitu ambacho barua ile haikugusa ni kwamba hapa kwetu risasi nyingine hutoka katika bunduki ya serikali iliyotolewa kihalali kwa mtu aliyefunzwa, siku aliyokasirika. Novemba 2010 afisa wa polisi wa utawala aliua watu 10 usiku mmoja kule Siakago, Embu. Julai 2021 afisa wa polisi alipigwa risasi akafa ndani ya gari hapa hapa Nakuru, na mshukiwa alikuwa mwenzake kazini. Siku chache baadaye mshukiwa naye akapatikana amekufa kwao Elgeyo Marakwet. Wiki ile polisi waliokuwa wakilinda benki jirani na lango langu hawakuzungumza na mtu. Mmoja aliniomba kiberiti, akakishika muda mrefu bila kuwasha sigara. Nilitamani kumuuliza analala vipi. Kulikuwa na bunduki kati yetu, sikuuliza.

Ikiwa mambo yako hivyo kwa waliopitia chuo cha polisi, kuongeza maelfu ya mabawabu wenye njaa na madeni kwenye hesabu ya wenye bunduki ni kutafuta msiba. Kuna kilichokuwa kimeanza vizuri: Desemba 2018 serikali iliwapa wote wenye vibali siku 90 wachunguzwe upya. Zoezi hilo lisiwe la mara moja. Mtu aulizwe kila baada ya muda, na mkewe aulizwe, na jirani aulizwe. Na polisi akimaliza zamu, bunduki irudi ghalani kwa sahihi, hata kama bosi ana haraka ya kwenda nyumbani. Zile bunduki haramu zilizochomwa Ngong, 5,250 mwaka wa 2016 na 5,144 mwaka wa 2021, tulizishangilia kwenye runinga. Februari 2023 jeshi likaitwa Baringo na kaunti jirani kusaka nyingine.

Nimerefusha. Msomaji mwenzangu alimalizia kwa kuuliza bawabu mwenye rungu atafanya nini siku atakapotokea mtu na AK-47. Nitapiga kengele, nitapiga firimbi, na nitawakimbiza watu kuelekea nyuma. Jengo ninalolinda lina mlango wa dharura upande wa stoo. Umefungwa kwa mnyororo na kufuli mwaka mzima ili wafanyakazi wasipitishie sukari na mafuta, na ufunguo uko kwa meneja, ambaye huondoka saa kumi na moja jioni. Nimeuandika mnyororo huo kwenye daftari mara nne. Mara ya nne niliulizwa kama nimechoka na kazi. Ndugu yangu, ukiwa na nafasi ya barua nyingine, niandikie kuhusu huo mnyororo.

Bawabu wa usiku,
Kaptembwo, Nakuru
(Jina lisichapishwe tafadhali, kazi bado naihitaji.)