Maelvi hawajatutangulia kwa evolusheni

Mhariri, naomba nafasi niwajibu mashabiki wa fantasia wenye ile nadharia kwamba maelvi, yaani wale warefu wenye masikio ya ncha, ni binadamu waliosonga mbele kwa evolusheni, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, halafu maoki na magoblini, wale viumbe wabaya wa sura za kutisha kwenye hadithi hizo, eti ndio waliobaki nyuma. Hii mada naipenda sana ndio maana siwezi kunyamaza, hesabu yao iko kichwa chini miguu juu.

Evolusheni haiendi kwa miaka jamani, inaenda kwa vizazi. Mabadiliko ya jeni yanapita kwa watoto wanaozaliwa, sio kwa mzee anayeongeza karne nyingine. Sasa chukua elvi anayepata mtoto akiwa na miaka 100, ndani ya miaka 10,000 ukoo wake umepita vizazi 100 tu. Binadamu anayezaa akiwa na 25 kapita 400, na oki anayezaa akiwa na 10 kashafika 1,000, tena huyo oki anazaa watoto kibao na wengi wanakufa kabla hawajakua, na hapo ndipo uteuzi wa asili, yaani wanaofaa mazingira ndio wanaobaki kuzaa, unapofanya kazi yake. Kwahiyo anayebadilika haraka kuliko wote ni oki, elvi ukimfuata miaka elfu kumi nyuma utamkuta karibu vilevile.

Kuna jaribio la mwanabiolojia Richard Lenski kule Marekani lilianza 1988, bakteria wa E. coli wakagawanywa makundi 12 wakaachwa wazaliane, na ilibidi vipite vizazi zaidi ya 30,000 ndio kundi moja tu likaanza kula sitreti (kemikali inayotokana na asidi ya limau) penye oksijeni, kitu ambacho bakteria hao kwa kawaida hawawezi. Kwao hiyo ni kama miaka 15 tu. Kwa elvi wetu ni miaka milioni 3!

Nadharia ya madwafu nayo, wale wafupi wenye ndevu wanaochimba migodi, kwamba wamekaa chini ya ardhi mpaka macho yao yakawa makubwa ya kuona gizani. Giza totoro halina mwanga wa kukusanya hata jicho liwe kubwa vipi. Samaki wa mapangoni kule Mexico macho yao yanaanza kabisa kujitengeneza akiwa bado kiinitete, halafu yanasinyaa na ngozi inafunika. Dwafu anabaki na macho kwa sababu ana taa na tanuri la kufulia chuma, basi, na mwandishi akitaka dwafu kipofu anayepapasa mwamba kwa ndevu mimi nitamsoma usiku kucha.

Ufupi ndio una ushahidi mzuri zaidi. Mwaka 2003 kwenye pango la Liang Bua, kisiwa cha Flores, Indonesia, ilipatikana mifupa ya Homo floresiensis, jamii ya binadamu wa kale iliyokwishatoweka, mtu mzima wa kimo cha kama mita moja na ubongo kama theluthi ya wetu, na kisiwa hichohicho kilikuwa na jamaa wa tembo waliopungua kimo pia. Wanasayansi wengi wanaona ni kisiwa kilichowafupisha, chakula kidogo na hakuna pa kuhamia. Sasa mbona jamii fupi za kwenye hadithi zinawekwa kwenye mabonde yenye rutuba na mavuno tele? Wapeni kisiwa.

Kinachoniudhi zaidi ni ile ngazi, goblini chini, binadamu katikati, elvi juu. Evolusheni haina ngazi, kila kiumbe kinafaa au hakifai pale kinapoishi. Na kama binadamu na elvi wanazaa watoto ambao nao wanazaa, basi damu imeshachanganyika, kama sisi na Neanderthal, binadamu wa kale waliokwishatoweka, ambao tangu 2010 inajulikana waliacha vinasaba vyao ndani ya watu wa leo.

Kwahiyo anayeandika nadharia mpya, kabla ya masikio na rangi ya ngozi, atuambie kwanza: hao viumbe wanazaa wakiwa na miaka mingapi, na watoto wangapi wanafika utu uzima?

Msomaji wenu