Tunaouguza nyumbani tupumzike saa ngapi?

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijapata kuandika. Leo imenibidi, kwa ile habari ya wiki iliyopita iliyotutaka sisi tunaouguza wazee majumbani "tujipe nafasi ya kupumzika" tusije tukapatwa na msongo wa mawazo. Nimeisoma mara mbili, natafuta palipoandikwa nani atakaa na mgonjwa wakati huo. Sikupaona.

Mama yangu alipatwa na kiharusi, mwaka wa nne huu. Upande wa kushoto wote umelala. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo anafanya vidonda. Basi simu yangu inalia saa nne ya usiku, saa sita, saa nane, saa kumi. Naipitisha kanga chini ya kiuno chake, naivuta, namwekea mto baina ya magoti. Nikijinyoosha tena, mara adhana ya alfajiri.

Juzi nilimpeleka hospitali. Muuguzi alipomfunua akaona kidonda nyongani, akanigeukia mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja: "Dada, mama anaoza nawe unapaka hina?" Hina ile nilipakwa harusini kwa mtoto wa kaka yangu. Nilitoka baada ya laasiri, nikarudi kabla ya isha, na ndiyo mara yangu ya kwanza kwenda shughuli tangu mama aanguke. Kidonda kilianza Ramadhani, niliposhikwa na homa siku tatu na hapakuwa na wa kumgeuza. Hakuniuliza hayo. Tangu siku tuliyotolewa wodini hakuna aliyeniuliza nalala saa ngapi, wala nani kanifunza kumnyanyua mtu mzito kuliko mimi. Nimejifunza kwa kuumia mgongo. Siku ile nilifika nyumbani nikaisugua mikono kwa ndimu mpaka ikawasha, na hina haikutoka.

Na ndugu zetu nao. Kaka zangu wawili wako Unguja. Pesa wanaleta, sikatai. Lakini wakija Sikukuu wanakaa barazani, wanasema mama amekonda, apewe supu, halafu wanawahi boti. Mtoto wa kike akiachika akarudi kwao, ukoo mzima huona muuguzaji amepatikana.

Serikali naishukuru kwa Pensheni Jamii. Ilipoanza 2016 mzee wa miaka 70 alipata shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa ikawa 50,000. Ya mama inaishia kwenye pampasi, na mwezi haujafika nusu. Wazee wasio na watu wana nyumba yao Limbani, hapa hapa Wete. Mwenye mtoto ameachiwa mtoto.

Ninaloomba ni hili. Kila shehia ipate kinamama wawili waliofunzwa kugeuza mgonjwa na kusafisha vidonda, walipwe, wawe wanapita kwenye nyumba zenye wagonjwa kama wangu. Kwangu waje Jumatano, saa tatu mpaka saa sita za asubuhi. Mimi nitalala. Na kaka zangu, ambao najua gazeti hili wanalisoma: msimu huu wa karafuu aje mmoja wenu, akae wiki nzima, alale chumbani kwa mama. Pesa asilete. Simu nitampa yangu, saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi zimeshawekwa.

Msomaji wako,
Wete, Pemba