Barua ya wazi kwa Ofisa Utamaduni wetu: tunaomba ufunguo

Mheshimiwa Ofisa Utamaduni,

Shikamoo, na pole na kazi.

Yah: Chumba cha nyuma cha ukumbi wa jamii

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimelazimika kukuandikia hadharani, kwa niaba ya kikundi chetu cha waandishi wa skripti za filamu tunaokutana chumbani mle kila Jumamosi. Barua nne zilizotangulia nilizileta ofisini kwa mkono wangu, masjala wakazigonga muhuri, na kila moja ina sahihi ya mpokeaji kwenye kitabu chetu cha dispachi. Sijapata jibu la hata moja. Jina lako silitaji, wala la halmashauri yetu, kwa kuwa sikusudii kumvunjia mtu heshima. Lakini ukisoma utajua kuwa ni wewe.

Jumamosi iliyopita saa tatu asubuhi tulifika ukumbini, watu kumi na mmoja, tukakuta kufuli jipya mlangoni. Sanduku letu la bati lilikuwa limetolewa nje na kuwekwa barazani, pale pale maji ya paa yanapomwagikia. Na Ijumaa usiku, unakumbuka mwenyewe, mvua ilipiga mpaka alfajiri. Mlinzi akatuambia ameelekezwa atoe "makaratasi", chumba kinageuzwa stoo ya viti na maturubai ya harusi. Yeye simlaumu. Alitafuta matambara akatusaidia kukausha, na nilimwona akifunua kurasa moja moja kwa ncha za vidole, kama mtu anayefungua kidonda.

Ndani ya sanduku lile mlikuwa na skripti tisa zilizochapwa na kaunta buku kumi na nne zilizoandikwa kwa mkono. Zilizochapwa tutazichapa tena, ingawa kuchapa ni pesa: ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa kuwa dakika moja ya picha, kwa hiyo filamu ya saa moja na nusu ni kurasa kama tisini, na steshenari hawakopeshi. Kilichoniuma ni kaunta buku tatu za marehemu mzee wetu. Mzee yule aliandika michezo ya redio enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, na alipojiunga nasi alikuwa ameshastaafu, macho yamechoka, lakini bado anaandika kwa kalamu ya wino wa kujaza kwa sababu alizoea hivyo. Hakuwa na nakala nyingine. Wino umeyeyuka. Kurasa nyingi zimebaki na rangi ya samawati tu, na pembeni unaona neno moja moja: "Sini ya 14, usiku, ufukweni." Kilichotokea ufukweni usiku ule hakuna tena anayekijua. Binti yake alikuwa amepanga kuja mwezi ujao kuzichukua akazichape. Mimi ndiye niliyempigia simu kumweleza.

Mheshimiwa, ruhusu nikukumbushe maneno yako. Mwaka juzi ulisimama mbele yetu kwenye ukumbi huo huo, mwenyekiti wa mtaa akiwapo, ukasema: "Nileteeni mafanikio kwa maandishi, chumba ni chenu." Tulipiga makofi. Mimi nikiwa katibu nikaandika maneno hayo kwenye muhtasari wa kikao, na muhtasari ninao. Tangu siku hiyo kila baada ya miezi minne nimekaa na taa ya simu, cherehani nimeifunika, nikaandika habari za wanachama nikakuletea. Ulitaka mafanikio. Kama barua hazikukufikia, basi yasome hapa.

Mwanachama wetu mmoja ni mama anayeuza samaki wa kukaanga stendi. Alijiunga akiwa hajawahi kuona skripti ilivyo. Aliandika hadithi ya dakika kumi na mbili kuhusu mvuvi anayerudi pwani na nyavu tupu kwa siku ya tatu na hataki mkewe ajue. Tuliisoma kwa pamoja chumbani mle mara sita. Kila mtu anashika mhusika wake, mwandishi ananyamaza na kusikiliza, na pale ulimi unapokwama anaweka alama. Mara ya sita ulimi haukukwama popote. Filamu hiyo ilipigwa na vijana wa hapa hapa, ikaonyeshwa Zanzibar kwenye tamasha la filamu la nchi za jahazi, lile linalofanyika tangu mwaka 1998. Mama huyu alivuka bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake, nauli tulichangishana, akaketi Ngome Kongwe usiku, akawasikia watu asiowajua wakicheka mahali alipotaka wacheke, kisha wakanyamaza mahali alipotaka wanyamaze. Aliporudi alituambia jambo moja tu: "Walikuwa wananisikia mimi." Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Kijana wetu wa bodaboda ameandika vipindi sita vya tamthiliya ya televisheni na kulipwa, na jina lake limepita kwenye kioo. Mabinti wawili waliomaliza kidato cha nne wamepata nafasi TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na walipoulizwa kwenye usaili wamejifunza wapi kuandika maneno ya mhusika, walitaja chumba chako, Mheshimiwa. Wengine watatu wamemaliza skripti zao za kwanza za filamu ndefu. Mimi nimeandika yangu upya mara saba na sasa naona imesimama, au niseme ilikuwa imesimama, kwa sababu rasimu ya saba nayo ilikuwa sandukuni.

Sasa nieleze kwa nini chumba, maana nimesikia kuwa ofisini kwako kuna anayesema mwandishi anaweza kuandika popote. Kuandika ndiyo, mimi naandika jikoni. Kusoma kwa pamoja hakuwezekani jikoni. Skripti si riwaya ya kusomwa kimya na mtu mmoja. Ni maneno yatakayotoka vinywani mwa watu, na usipoyasikia huwezi kujua kama ni maneno ya mtu au ya karatasi. Filamu zetu za Bongo zimesemwa sana kwa udhaifu wa hadithi. Miaka ile kanda na diski zikitoka Kariakoo kila wiki, nyingi zilipigwa kwa siku chache, dairekta ana hadithi kichwani, mwigizaji anajitungia maneno kamera ikiwa imeshawashwa. Watazamaji waliona. Dawa yake ni watu kukaa chini na kuandika, kusomana na kukosoana. Hicho ndicho tunachofanya Jumamosi, bure, bila kuiomba halmashauri hata chai.

Na sheria yenyewe iko upande wetu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976, inamtaka anayepiga filamu aombe kibali kwanza, akieleza picha zenyewe na maneno yatakayosemwa. Maana yake karatasi inatangulia kamera. Karatasi hiyo anaiandika nani, Mheshimiwa, na anaiandikia wapi?

Kuna jingine. Kijana mmoja, kabla hajatufahamu, alimsimulia hadithi yake mtu mwenye kamera kwenye kijiwe cha kahawa. Miezi michache baadaye akaiona hadithi hiyo kwenye simu ya rafiki yake, imeshakuwa filamu, jina lake halimo. Hakuwa na pa kushitaki, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi wazo tupu lililo kichwani, na yeye hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Siku hizi mwanachama mpya akija, somo la kwanza ni hilo: andika kwanza, weka tarehe, weka nakala, ndipo usimulie. Nakala tulikuwa tunaziweka sandukuni. Tuliliamini sanduku lile kwa sababu lilikuwa ndani ya jengo la serikali.

Nimejiuliza sana tumekosa nini. Huenda ni kwa sababu mwandishi haonekani. Mwigizaji akipita mtaani watoto wanamkimbilia, dairekta anapigwa picha, sisi tunapita kimya na mifuko ya plastiki. Huenda ni kwa sababu harusi zinalipia ukumbi na sisi hatulipi. Kama ni hilo, mngetuambia, tungechanga. Au pengine barua zangu zinaishia kwenye meza fulani kabla ya meza yako. Sijui, nakisia tu, na kukisia kunachosha kuliko kukataliwa.

Mwaka ule Vuta N'Kuvute ilipotwaa tuzo ya dhahabu kule Carthage, Tunisia, 2022, ulitusifia kwenye hotuba yako, ukasema Watanzania tumeiona dunia na dunia imetuona. Nilifurahi kusikia hivyo. Ila filamu ile kabla ya kuwa filamu ilikuwa riwaya ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, na baada ya riwaya ikawa skripti. Kulikuwa na mtu na kalamu zaidi ya miaka ishirini kabla ya makofi. Nakuomba uwakumbuke walio na kalamu leo hapa kwetu, wakati makofi bado hayajafika.

Barua ya kwanza iliomba mambo manne. Tuliomba chumba, kompyuta moja, kutambuliwa kwenye orodha ya vikundi vya sanaa, na mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo ilipositishwa mwaka 2023 tulielewa, ilikuwa nchi nzima. Iliporejeshwa 2024 tukajaza fomu upya, tukaambiwa kwa mdomo kuwa kuandika si mradi wa uzalishaji. Tukaondoa mkopo kwenye barua ya pili. Barua ya tatu tukaondoa kompyuta. Ya nne ikabaki na chumba na orodha. Leo naondoa orodha pia. Tusiwe kwenye orodha, hatuna neno.

Tunaomba chumba. Si chote, na si kila siku. Jumamosi, saa tatu hadi saa saba mchana. Viti vya harusi vibaki humo humo, tutavipanga upande mmoja na kuvirudisha vilivyokuwa, turubai hatutaligusa. Sanduku lirudi ndani, kwenye kona yake ya zamani isiyovuja. Nimeshaongea na mlinzi, amesema ufunguo anao yeye na anachongoja ni neno lako tu, hata kwa simu.

Cherehani yangu nimeifunga siku nne kwa ajili ya kukausha karatasi. Nimezianika kwenye kamba ya nguo uani, nimezibana kwa vibanio, na wateja wanaokuja kuchukua magauni yao wananiuliza ni kitu gani. Nawaambia ni filamu. Wanangu wameniuliza kwa nini nahangaika na kazi isiyonilipa, nikakosa la kuwajibu, na usiku ule sikulala. Nina miaka arobaini na sita, nimeshona sare za shule za nusu ya watoto wa mji huu, sijawahi kuiomba ofisi yako kitu kwa ajili yangu. Naomba ufunguo, Mheshimiwa.

Jumamosi hii saa tatu tutakuwa barazani tena. Mama wa samaki analeta mkeka. Tutasoma skripti ya yule kijana wa bodaboda, ile mpya, iliyosalimika kwa sababu alikuwa nayo mgongoni ndani ya begi. Ukipita, karibu uketi nasi, kuna mhusika wa hakimu ambaye bado hatujampata wa kumsoma.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kikundi cha waandishi wa skripti