Wazazi wa Pwani, tuwapeleke watoto Mida

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa Mombasa, Kilifi na Kwale, pamoja na walimu wakuu na viongozi wa kaunti zetu. Kila shule zikifungwa tunaulizana watoto tuwapeleke wapi, na jibu huwa lile lile: bwawa la kuogelea la hoteli fulani, au duka kubwa lenye bembea za kulipia. Ilhali pale Watamu, kilomita 100 na ushei kutoka Mombasa, ipo hori ya Mida, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, sehemu ya hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu mwaka 1968. Wageni hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuiona. Watoto wengi wa Kisauni na Likoni hawajawahi hata kuisikia.

Nadhani jambo hili lina uzito kuliko tunavyolichukulia, na sababu ya kwanza ni fedha. Mida kuna daraja la mbao linaloning'inia kwa kamba, lenye urefu wa zaidi ya mita 200, linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege ukingoni mwa maji. Ada ya kulivuka husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazoishi kandokando ya hori na ya msitu wa Arabuko-Sokoke, chini ya mpango wa ASSETS ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya. Mpango wenyewe unaeleweka kwa urahisi. Mzazi aliyesaidiwa karo hana haja ya kuingia msituni usiku kukata mti wa makaa ili mwanawe asifukuzwe shule.

Lakini mpango ukisimama juu ya mifuko ya watalii wa ng'ambo peke yao, hauna msingi. Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje, na kila mtu wa Watamu anakumbuka jinsi mji ulivyokauka. Waongoza watalii walirudi kulima au kuvua, huku karo za watoto zikibaki pale pale. Familia za Pwani tungekuwa na mazoea ya kwenda Mida, angalau pangekuwa na kitu cha kushikilia. Sisi hatuhitaji viza wala uwanja wa ndege.

Sababu ya pili ni watoto wenyewe. Desemba iliyopita tulikwenda mimi, mume wangu, wanetu wawili na mama mkwe wangu. Mama ni mzaliwa wa Faza, huko Lamu, na marehemu baba yake alikuwa mkata boriti za mikoko. Kijana aliyetuongoza, Mgiriama wa pale pale Mida, alianza vizuri kutueleza aina za mikoko, lakini kabla hajafika mbali mama alikuwa ameshatangulia. "Huu mkandaa, gome lake tulikuwa tukitia rangi. Ule pale mwisho, unaoingia majini, ni mlilana, wa kuchongea mataruma, mbavu za majahazi. Na ule wenye matunda kama mipira ni mkomafi." Kijana akacheka, akasema, "Basi leo mwalimu ni wewe, nyanya, mimi nitafuata nyuma." Na kweli alifuata, akiuliza maswali na kuandika majibu kwenye simu yake.

Mwanangu wa kwanza, aliye gredi ya tano, alikuwa amesoma habari za mikoko kitabuni. Pale darajani aliona kile kitabu kilichoshindwa kumwonyesha: tunda la mkoko huchipua likiwa bado mtini, likawa kijiti kirefu cha kijani chenye ncha. Likidondoka maji yakiwa yamepwa, hujichoma kwenye tope na kusimama wima, tayari kuota. Alikaa kitako juu ya mbao akitazama chini, ambako kaa wadogo walikuwa wametapakaa kila mmoja mlangoni mwa shimo lake. Dume la kaa hawa lina gando moja kubwa kupita kiasi, na hulipunga hewani kuwaita majike na kuwatisha wenzake. Mtu akikanyaga mbao kwa kishindo, wote huzama mashimoni kwa mara moja. Ukitulia, wanarudi mmoja mmoja. Mdogo wake, ambaye nyumbani hatulii hata wakati wa kula, alitulia.

Kibandani ndipo tulipokaa zaidi. Maji yalikuwa yanajaa, na maji yakijaa ndege husukumwa kutoka katikati ya hori hadi karibu na mahali pa kutazamia. Kijana alituonyesha ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, anayekula kaa. Ndege huyu huzaliana kwenye fuo na visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani, jike hutaga yai moja tu, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Kisha kuanzia Agosti hivi huja huku kwetu hadi Aprili. Ajabu ni kwamba kinda huja na wazazi, na hata baada ya safari hiyo yote huendelea kulishwa. Tulimwona kwa macho yetu, mwenye manyoya ya kijivujivu, akimfuata mkubwa huku akilia, mpaka akapewa kaa aliyekwisha kukatwa magando. Mama akasema hawa wanasafiri kama majahazi, kuja kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi. Akawahadithia wajukuu jinsi boriti za Lamu zilivyopakiwa kwenda kujengea nyumba za Uarabuni. Habari hizo mume wangu, mwanawe wa kumzaa, alikuwa hajawahi kuzisikia.

Jioni tulipita kwenye kituo cha kutibu kasa cha Local Ocean Conservation, hapo hapo Watamu. Wavuvi wakimnasa kasa bila kukusudia huwapigia simu watu wa kituo, kasa akachukuliwa, akapimwa, na kurudishwa baharini akiwa mzima, au akatibiwa kama ameumia. Tulielezwa kwamba kasa aliyemeza plastiki huweza kujaa gesi tumboni akashindwa kupiga mbizi, akabaki anaelea bila kuweza kujilisha wala kukwepa mashua. Tangu tarehe 5 Juni 2020 ni marufuku kuingia na chupa za plastiki za kutumia mara moja katika mbuga, fuo na misitu inayolindwa nchini. Sheria hiyo inatuhusu sisi wenye vikapu vya chakula vya likizo kama inavyowahusu wenye hoteli, na nawaomba wazazi tuwe wakali juu yake hata pale ambapo mlinzi hayupo.

Mwenye muda zaidi ana Gede jirani, magofu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Mlangoni mwake upo mradi wa Kipepeo, ambao tangu mwaka 1993 unawawezesha wanakijiji kufuga vipepeo na kuwauza nje wakiwa bado pupa, yaani ndani ya gamba kabla ya kuwa vipepeo. Upo pia msitu wenyewe wa Arabuko-Sokoke, na humo yumo sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, aliye na manyoya ya rangi ya dhahabu nyuma kiunoni, ambaye makao yake makuu duniani ni msitu huu. Sisi hatukumwona, na watoto wameshaapa kurudi kumtafuta.

Sasa maombi yangu. Walimu wakuu, safari ya shule iende Mida angalau mara moja kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi. Mtaala wenyewe unadai mtoto ajifunze kwa kuona na kutenda. Shule ipige simu mapema kuulizia maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, maana ukifika yakiwa yamepwa kabisa ndege wako mbali, wanaonekana kama vitone.

Kaunti ya Kilifi nayo iweke kibao kikubwa cha Kiswahili kwenye barabara kuu ya Mombasa–Malindi, pale pa kuingilia Mida, chenye ada ya mwenyeji na saa za kufunguliwa. Sisi tulishuka matatu, tukauliza njia mara kadhaa, na mtu mmoja akatuambia kwa nia njema kabisa kwamba huko ni kwa wazungu. Wakazi wa karibu wakiamini hivyo, si ajabu sisi wa Mtwapa na Mombasa hatuendi. Kaunti igharamie pia mafunzo ya waongozaji vijana kama yule wetu, na iwakutanishe na wazee wanaoijua mikoko kwa kazi za mikono yao. Wazee hao wangalipo Mida, Mtwapa, Gazi na Lamu, ila wanapungua.

Likizo ya Agosti ndiyo msimu ambapo ndege wanaanza kurejea. Sisi tutakwenda, na safari hii tumeshawashawishi majirani wa ghorofa yetu wachange pesa tukodi matatu nzima.

Mzazi,
Mtwapa, Kilifi