Msikate kingo za stempu za zamani

Mhariri naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma kweli. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alituachia bahasha ya stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika, zile za senti 50 za mwaka 1938 zenye kichwa cha mfalme George wa Sita na jahazi likikatiza Ziwa Victoria, ziwa letu hili hili. Zilikuwa bado zimeshikana na ukingo wake mweupe, binamu yangu kwa nia njema kabisa akashika mkasi akakata kingo zote ati zikae vizuri kwenye albamu.

Jamani ule ukingo sio takataka. Pale ndo wachapaji wanaweka mambo yao, namba ya pleti yaani bamba la kuchapia, jina la kiwanda, misalaba ya kupangia rangi ziingiane, mishale ya kuonyesha shiti, yaani karatasi nzima ya stempu, igawiwe wapi. Zile za rangi nyingi utakuta viduara pembeni kila kimoja na rangi yake, fundi akitupa jicho tu anajua kama kuna rangi haijapita, wakusanyaji wa Uingereza wanaviita mataa ya barabarani. Hata Penny Black ya 1840, stempu ya kwanza kabisa, shiti yake ya stempu 240 iliandikwa bei pembeni, peni kwa stempu, shilingi kwa mstari wa 12, pauni kwa shiti nzima, na mteja akaambiwa abandike juu ya anwani upande wa kulia na akilowesha nyuma awe makini asiondoe gundi!

Sasa hilo jahazi letu, kwenye hizo za senti 50 ipo stempu ambayo kamba haikufika kwenye tanga, kasoro ya sehemu moja tu ya shiti. Ukiwa na ukingo unahesabu kutoka pembeni unajua stempu yako ilikaa mstari wa ngapi, bila ukingo unabaki kubahatisha.

Kwa hiyo wenzangu wa Mwanza, Musoma, Bukoba, mliorithi masanduku ya wazee naombeni muache mkasi kwanza. Mimi nimeokota vipande vitatu kwenye kapu la taka, kimoja kina namba ya pleti, ila kilikatwa kutoka stempu ipi hakuna anayekumbuka.

Msomaji wenu, Kirumba, Mwanza